Kemikali za Nyumbani: Matumizi na Matunzo Yake kwa Kaya za Nyegezi

Kemikali nyingi hutoka kiwandani zikiwa katika chombo kilichofikiriwa vizuri: chupa nene isiyopitisha mwanga, kifuniko kinachomshinda mtoto, karatasi inayotaja kilichomo, nguvu yake na namna ya kumsaidia aliyedhurika. Hatari kubwa huanza pale kimiminika kinapohamishiwa chombo kingine. Mtoto anayekunywa mafuta ya taa kwa kawaida huyakuta kwenye chupa ya soda au ya maji, si kwenye dumu la kituo cha mafuta.

Nyegezi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Mwanza, uhamishaji huo ni sehemu ya biashara ya kila siku. Kwenye maduka ya jirani na stendi ya mabasi, na kwenye vibanda vya kuelekea Malimbe na Mkolani, mafuta ya taa hupimwa kwa robo lita. Sabuni ya maji huchotwa kwenye ndoo ya lita 20 na kutiwa katika chupa aliyokuja nayo mteja. Dawa ya panya hufungwa kwenye kipande cha karatasi. Anayenunua hivyo si mzembe. Ananunua kwa fedha aliyo nayo siku hiyo. Kumwambia anunue chombo kizima kilichofungwa kiwandani ni ushauri usiomfikia. Kinachowezekana ni kuchagua vizuri chombo cha kupimiwa, na hapo ndipo kazi ya usalama inapopaswa kuanzia.

Chombo kinachofaa hakifanani kabisa na cha kinywaji au cha chakula. Kwa mafuta ya taa, kopo la lita moja la oili ya injini, lisilo ang'avu na lenye kifuniko cha kusokota, ni bora mara nyingi kuliko chupa ya maji. Jik ijazwe tu kwenye chupa iliyokuwa ya jik tangu mwanzo, kwa kuwa plastiki yake imetengenezwa kwa kazi hiyo na maandishi yake bado yanasema kweli. Chombo kimoja kibaki na kemikali moja maisha yake yote: kopo lililokuwa na dawa ya choo likisuuzwa na kutiwa jik, mabaki machache ya asidi yanatosha kutoa hewa ya sumu ndani ya kifuniko. Jina liandikwe kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe ya kununua. Alama hizo, hata hivyo, ni za watu wazima na watoto waliokwisha kujua kusoma. Mtoto wa miaka miwili hulindwa na kufuli.

Suala la mahali pa kuweka ni gumu zaidi ya suala la chombo. Vitabu vingi vya usalama hudhani kwamba kila nyumba ina stoo, gereji au kabati la jikoni. Kaya nyingi za Nyegezi zinaishi katika chumba kimoja au viwili vya kupanga, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino hukaa wawili au watatu chumbani huko Malimbe. Katika chumba cha namna hiyo kitanda, jiko, ndoo ya maji ya kunywa na gunia la mkaa viko hatua chache kutoka kimoja hadi kingine. Matokeo yake kila kisicho na mahali pake husukumwa uvunguni. Chini ya kitanda kimoja huweza kukutwa dumu la mafuta ya taa, chupa ya dawa ya kunguni, viatu, mfuko wa mchele na mpira wa mtoto. Mtoto anayetambaa akiufuata mpira wake anafika hapo kabla ya mtu mzima hajageuza shingo.

Uvungu, basi, uondolewe kwenye orodha ya mahali pa kuwekea kemikali. Tranka la bati, lile ambalo wengi walirudi nalo kutoka shule ya bweni, likiwekwa juu ya kabati na kufungwa kufuli, linaweza kutunza karibu kemikali zote za chumba kimoja isipokuwa mafuta. Asiye na tranka anaweza kumpa seremala kazi ya kisanduku kidogo cha kupigilia ukutani, juu ya kimo cha mtu mzima, chenye komeo. Ndani ya kisanduku vimiminika vikae chini na unga juu, kwani chupa ikivuja haifai kulowesha pakiti iliyo chini yake. Chakula, dawa za binadamu na vyombo vya mtoto visikae humo hata kwa siku moja. Katika nyumba za wapangaji wengi wenye uwanja mmoja na choo kimoja, chupa ya dawa ya choo huachwa nyuma ya mlango kwa matumizi ya wote. Hiyo inahitaji makubaliano ya wapangaji, kwa sababu mwenye mtoto mdogo hawezi kuichunga peke yake. Msumari mmoja uliopigiliwa juu ukutani na kikapu cha kuning'iniza humaliza tatizo.

Jik ndiyo kemikali inayotumika sana, na pia ndiyo inayotumika vibaya sana. Kilichomo ni sodiamu haipokloraiti iliyoyeyushwa kwenye maji. Chupa nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki huwa na takriban asilimia 3.5, ingawa kiasi hutofautiana na karatasi ya chupa ndiyo ya kuaminiwa. Watu wengi huimwaga kavu kavu kwa kuamini kwamba ikiwa kali zaidi inasafisha zaidi. Sivyo. Kwa chupa ya asilimia 3.5, sehemu moja ya jik kwa sehemu 6 za maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5, ambao ndio unaotumika kwenye sakafu iliyochafuliwa na matapishi au kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu. Sehemu moja kwa sehemu 69 hutoa asilimia 0.05, nguvu inayotosha kwa nguo na vyombo vya mgonjwa baada ya kuoshwa; kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni chini kidogo ya mililita 300 za jik. Uchafu uondolewe kwanza, kwa kuwa jik ikikuta udongo, mafuta au kinyesi kingi huishia kupambana navyo na vijidudu hubaki.

Jik hufa. Joto na mwanga huivunja, na chumba chenye paa la bati lisilo na dari, mchana wa jua la Mwanza, ni mahali pabaya pa kuitunza. Chupa iliyokaa dirishani miezi kadhaa inaweza kunuka vilevile na ikawa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Inunuliwe kidogo, ikae gizani na chini zaidi kuliko bati, ila ndani ya kisanduku chenye kufuli. Iliyokwisha kuchanganywa na maji itumike siku hiyo hiyo, na iliyobaki imwagwe. Aidha, jik isikisiwe kwenye maji ya kunywa. Dawa maalumu za kutibu maji hupatikana kwenye maduka ya dawa kwa bei nafuu zikiwa na kipimo chake, wakati baadhi ya jik za kufulia zina manukato na viungo visivyotakiwa kuingia tumboni.

Kosa linaloua ni kuchanganya. Dawa nyingi za kung'arisha choo zina asidi, mara nyingi haidrokloriki. Jik ikikutana nayo hutoa klorini, hewa inayochoma macho na mapafu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha mtu anaweza kuzidiwa kabla hajafungua mlango. Siki na limau hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo. Jik ikikutana na amonia hutoa kloramini, na amonia haitoki dukani peke yake: mkojo uliokaa unayo. Ndiyo maana kumwaga jik kavu kwenye choo cha shimo kinachonuka mkojo humfanya mtu akohoe na machozi kumtoka. Wengi huchukulia kikohozi hicho kuwa dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kwa kweli ni dalili ya sumu ikiingia kifuani. Choo kimwagiwe maji mengi kwanza, mlango uachwe wazi, kisha itumike dawa moja tu. Mtu akitaka kubadili dawa, asuuze kwa maji na asubiri. Mwenye pumu apewe kazi nyingine.

Mafuta ya taa yamepungua majumbani tangu umeme na taa za sola zilipoenea, na pia tangu bajeti ya mwaka 2011/12 ilipopandisha kodi yake ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Lakini hayajaisha. Hutumika kuwashia mkaa, kwenye kibatari umeme unapokatika, na katika majiko ya utambi. Anayeyanywa mara nyingi hanywi mengi, kwa kuwa ladha yake ni mbaya. Madhara hutokea kwenye mapafu. Mafuta ya taa ni mepesi na hutiririka kirahisi, kwa hiyo yanapopaliwa au kutapikwa, matone machache huingia kwenye njia ya hewa na kusababisha homa kali ya mapafu. Kwa sababu hiyo anayeyanywa hatakiwi kutapishwa kwa namna yoyote.

Petroli ni jambo jingine kabisa, na kuiweka ndani ya chumba cha kulala ni hatari isiyostahili kuvumiliwa. Dereva wa bodaboda huhifadhi lita moja ya akiba, mvuvi wa Luchelele huleta nyumbani dumu la injini ya mtumbwi ili lisiibwe mwaloni. Mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 au zaidi ili mvuke wake uwake; petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi kali chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hushuka sakafuni, hutambaa chini ya mlango na kulikuta jiko la mkaa upande wa pili wa ukuta, kisha moto hurudi ulikotoka. Dumu la petroli likae nje, kivulini, kwenye kibanda chenye tundu za hewa upande wa chini na kufuli, mbali na jiko na mbali na mtu anayevuta sigara. Lisijazwe hadi mdomoni, kwa sababu petroli hutanuka kwenye joto. Mafuta ya taa nayo yasiongezwe kwenye taa au jiko linalowaka, wala lililozimwa sasa hivi na bado la moto. Moto wa mafuta hufunikwa kwa mchanga au blanketi zito lililoloweshwa, maji huusambaza. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kutengeneza sabuni nyumbani kumewapatia kipato wanawake wengi wa vikundi na wanafunzi, na ni kazi nzuri inayostahili kufanywa kwa usalama. Viambato vya sabuni ya maji vinajulikana kwa kila aliyehudhuria mafunzo: salfoniki, slesi, soda ashi, chumvi, griselini, rangi na pafyumu. Salfoniki ni asidi nzito ya rangi ya kahawia, na kabla haijazimuliwa na soda ashi huunguza ngozi na macho. Kwa sabuni ya mche hutumika kostiki soda, ambayo ni kali zaidi ya zote zilizotajwa hapa. Chengachenga zake nyeupe zinafanana vya kutosha na chumvi ya mawe kumdanganya mtu mwenye haraka. Ikimezwa huunguza koo na umio, na kovu linalobaki huziba njia ya chakula kidogo kidogo. Mtoto aliyenusurika siku ya kwanza anaweza kushindwa kumeza ugali wiki kadhaa baadaye na akahitaji kupanuliwa umio hospitalini mara nyingi.

Kostiki hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku ikikorogwa. Maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa sababu joto linalotoka hapo hapo huyachemsha na kuyarusha usoni. Sufuria za alumini, ambazo ndizo zinazojaa majikoni, hazifai hata kidogo: kostiki huila alumini na kutoa haidrojeni, hewa inayowaka. Ndoo ngumu ya plastiki na mwiko wa mti au wa plastiki vinatosha, na visirudi tena jikoni. Kazi ifanyiwe nje, upande unakotoka upepo, kwa glovu za mpira, miwani na nguo ya mikono mirefu, watoto wakiwa wamepelekwa kwa jirani. Pakiti iliyofunguliwa hunyonya unyevu wa hewa ya ziwani na kuwa ute au jiwe, kwa hiyo ihamishiwe kopo gumu la plastiki linalobana, na hapa uhamishaji ni halali kwa kuwa mfuko wenyewe hauwezi kufungika tena. Maandishi ya mfuko yakatwe na kubandikwa juu ya kopo.

Jambo moja kuhusu sabuni hizi linahitaji kusemwa kwa watengenezaji wenyewe. Sabuni ya rangi ya kijani inayonukia limau, au ya waridi inayonukia stroberi, ikitiwa kwenye chupa ya soda ya mililita 350, ni kinywaji machoni pa mtoto. Manukato ya maua au ya mti yanauza sawasawa, na vidumu vyeupe visivyo ang'avu vinapatikana sokoni. Mtengenezaji anayejali jina lake ataona kwamba mabadiliko hayo hayamgharimu sana.

Betri za asidi zimeingia majumbani kwa njia mbili: mitambo ya sola, na uvuvi wa dagaa, ambao zamani ulitegemea karabai na sasa hutumia zaidi taa za umeme zinazochajiwa. Mafundi huuza vimiminika viwili kwa jina moja la maji ya betri. Kimoja ni maji yaliyosafishwa ya kuongezea, kingine ni asidi ya salfuriki ya takriban theluthi moja kwa uzito. Vyote havina rangi, na vyote huwekwa katika chupa za maji ya kunywa. Hakuna sababu ya nyumba ya kawaida kutunza asidi hiyo. Betri inayohitaji kujazwa asidi ipelekwe kwa fundi. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, hivyo isichajiwe karibu na moto wala uvunguni mwa kitanda anacholala mtu.

Viuatilifu vinastahili nafasi yake. Familia nyingi za Nyegezi zina shamba Misungwi, Magu au Kwimba, na msimu ukiisha hurudi na kilichobaki: chupa ya ekapaki, dawa ya kunyunyizia pamba, dawa ya kuogeshea mifugo, unga wa kuhifadhia mahindi. Vikifika mjini hupewa kazi nyingine. Dawa ya pamba hunyunyiziwa kwenye godoro ili kuua kunguni. Ya kupe hupakwa mbwa, na wakati mwingine kichwa cha mtoto mwenye chawa. Kundi la viuatilifu liitwalo oganofosfeti hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, na anayelala juu ya godoro lililonyunyiziwa huvuta mvuke wake usiku kucha. Kunguni huuawa vizuri kwa maji yanayochemka kwenye chaga za kitanda na mishono, na kwa kufua na kuanika nguo zote siku moja. Katika hosteli, vyumba vyote vishughulikiwe pamoja, vinginevyo wadudu huhamia kwa jirani na kurudi.

Historia ya ziwa lenyewe inaonyesha jinsi madhara ya sumu ya shambani yanavyofika mbali inapopewa matumizi mengine. Miaka ya 1990 baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wakimwaga viuatilifu majini ili kupata samaki kwa urahisi. Kilichotajwa sana kilikuwa thiodan, dawa ya mashambani yenye endosalfani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, na viwanda vya minofu vya Mwanza pamoja na maelfu waliovitegemea wakaumia kwa makosa ya wachache. Endosalfani iliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011. Chupa ya zamani yenye jina hilo ikikutwa kwenye stoo ya babu, haitumiwi wala haimwagwi.

Kiuatilifu halali kina maandishi yanayosomeka, tarehe ya mwisho na namba ya usajili. Nchini Tanzania usajili huo uko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ukanda wa rangi chini ya karatasi huonyesha ukali: nyekundu ni hatari kuliko zote, ikifuatwa na njano, buluu na kijani. Kiuatilifu cha ukanda mwekundu hakina kazi ndani ya nyumba ya kuishi. Dawa ya panya inayouzwa kwa kufungiwa kwenye karatasi bila jina ni ya kukataliwa hata kama inaua vizuri, kwa sababu anayeila kwa bahati mbaya atafika hospitali na daktari hatajua anatibu nini. Mtego wa waya hugharimu mara moja tu.

Kwa mahindi, onyo kali zaidi linahusu vidonge vya kufukizia vya alumini fosfidi. Vikipata unyevu wa hewa hutoa fosfini, hewa ya sumu isiyo na kiuasumu. Vimeundwa kwa maghala yaliyozibwa na wataalamu, na gunia lenye vidonge hivyo likiwekwa chumbani wanakolala watu linaweza kuwaua wote kabla ya asubuhi. Magunia yenye mfuko wa ndani usiopitisha hewa huwaua dumuzi kwa kuwakosesha hewa, bila dawa yoyote, mradi mahindi yawe yamekauka vizuri na mfuko usitobolewe.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, huonekana havina neno. Kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi katika maeneo yenye malaria kama ukanda wa ziwa, mvuke wake huweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano kali. Vitenge na mablanketi ya mtoto yasitunzwe nayo.

Ajali ikishatokea, dakika za mwanzo zina kazi yake. Jicho au ngozi iliyomwagikiwa huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Pasipo na bomba, mtu mmoja anashika kope na mwingine anamimina kwa jagi, kuanzia upande wa pua kwenda nje, hadi ndoo iishe na nyingine ije. Nguo zilizolowa huvuliwa mara moja. Aliyevuta hewa ya sumu hutolewa nje, na anayemtoa azuie pumzi au afungue milango kwanza, maana wawili wakianguka hakuna wa kuita msaada.

Aliyemeza hatapishwi, hapewi chumvi, hapewi mafuta ya kula, na hapewi maziwa. Hili la maziwa ni gumu kukubalika Usukumani, ambako maziwa huonekana kuwa dawa ya kila sumu. Kwa mafuta ya taa maziwa hujaza tumbo na kuleta matapishi yaleyale yanayopaswa kuepukwa. Kwa kostiki huchelewesha safari na kumzuia daktari kuona jeraha. Kwa oganofosfeti hayagusi kabisa mishipa ya fahamu iliyoathirika. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si ule unaotumika hospitalini. Mdomo usuuzwe na mgonjwa awahishwe hospitali. Asiye na fahamu alazwe kwa ubavu. Mboni zilizosinyaa kama tundu la sindano, mate mengi, jasho na kuhara mara nyingi humaanisha oganofosfeti, na hapo kuna tiba, atropini, inayohitaji kutolewa mapema. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akaonekana mzima bado aangaliwe na wahudumu kwa saa 6 hivi, kwa kuwa kukohoa na kuhema haraka huja baadaye. Kutoka Nyegezi, Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana iliyopo Butimba ndiyo ya karibu, na rufaa huenda Bugando. Chupa au pakiti iliyotumika iende pamoja na mgonjwa, ikiwa ndani ya mfuko mwingine.

Kinachobaki ni mabaki. Mitaa mingi ya Mwanza imekaa kwenye miteremko ya mawe, ambako mvua haizami bali hukimbia, na kinachomwagwa kwenye mtaro wa Nyegezi huingia ziwani muda mfupi baadaye. Chanzo cha maji cha Butimba kiko jirani. Sabuni, na jik iliyozimuliwa vizuri, huweza kwenda chooni na maji mengi, kila moja kwa wakati wake. Oili chafu, mafuta, asidi na viuatilifu havimwagwi popote. Oili na betri mbovu hupokelewa na mafundi na wanunuzi wa vyuma chakavu, na betri ipelekwe ikiwa nzima, asidi ikiwa ndani. Kuimwaga ili kuuza risasi peke yake ndiko kunakochafua uwanja wanakochezea watoto. Chombo cha kiuatilifu kilichoisha husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudishwa kwenye bomba la kunyunyizia shambani, kisha hutobolewa ili asiwepo wa kukichotea maji. Hakichomwi moto nyumbani. Kiuatilifu kilichopitwa na muda, au kemikali isiyojulikana jina, hubaki katika chombo chake, hufungwa vizuri, na taarifa hupelekwa kwa ofisa afya wa kata au ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali jijini Mwanza.